Kufundisha Matetemeko ya Ardhi: Kutoka Kwenye Ufa Hadi Chini ya Dawati

Mwanafunzi anaweza kuchora aina tatu za nyufa za miamba, akataja matabaka ya dunia bila kukosea, akapata alama zote za mtihani, na bado siku sakafu ikitikisika akatimua mbio kuelekea mlangoni. Hapo somo limempita pembeni. Tatizo liko kwenye namna tunavyoligawa: sayansi ya tetemeko inafundishwa kwenye kipindi cha jiografia, na mazoezi ya kujikinga yanafanyika siku nyingine kabisa, chini ya mtu mwingine, bila mtoto kuona uhusiano wowote kati ya hayo mawili.

Mwongozo huu unayafundisha pamoja. Kanuni yake ni moja: kila jambo la kisayansi analojifunza mtoto limpe kitu cha kufanya kwa mwili wake. Unafaa kwa madarasa ya juu ya msingi na ya sekondari, na vipindi vitano au sita vinatosha. Vifaa ni vya kawaida: kipande cha mbao, karatasi ya msasa, mpira mwembamba wa kufungia karatasi, uzi, rula, trei, mchanga, maji na chaki.

Hatua ya 1: Sikiliza kwanza

Kabla ya kuchora chochote ubaoni, uliza darasa maswali mawili: tetemeko hutoka wapi, na mtu afanye nini likija? Andika kila jibu kama lilivyosemwa. Utasikia kwamba ardhi hupasuka na kumeza watu, kwamba matetemeko huletwa na joto kali, kwamba wanyama hujua siku mapema, kwamba wataalamu wanaijua tarehe ila wanaificha. Usicheke, wala usimruhusu mwingine acheke. Mtoto aliyechekwa leo hanyanyui mkono kesho.

Ukiambiwa kuwa tetemeko ni mapenzi ya Mungu, huna haja ya kubishana. Sema tu kwamba somo hili linahusu namna miamba inavyosogea na namna ya kulinda uhai, kisha endelea. Nimeona darasa zima likifunguka kwa sentensi hiyo.

Kwenye swali la pili, karibu kila mtoto atajibu, "Nitakimbia nje." Liwekee jibu hilo duara. Vipindi vyote vinavyofuata vinalifanyia kazi.

Hatua ya 2: Ufa, kwa kipande cha mbao

Vitabu vingi huanza na ramani ya mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya ganda la dunia vinavyosogea polepole. Ramani ni nzuri, lakini haimwonyeshi mtoto kwa nini kitu kinachosogea polepole kiasi kile kinaweza kuangusha nyumba kwa sekunde chache. Anza na mbao.

Chukua kipande cha mbao chenye upana wa kiganja, ukibandike msasa upande wa chini. Bandika msasa mwingine juu ya meza, sehemu yake ya kukwaruza ikitazama juu, halafu weka kipande chako juu yake. Gonga msumari mdogo upande wa mbele, ufunge mpira, na kwenye ncha ya mpira ufunge uzi. Laza rula kando. Sasa mwanafunzi mmoja avute uzi polepole, kwa kasi ileile, bila kushtua.

Kipande hakisogei. Mpira unarefuka. Kipande bado hakisogei, na wale walioinamia meza wananyamaza. Mpira unarefuka tena kidogo, halafu ghafla kipande kinaruka mbele na kusimama, mpira umelegea. Mvutaji anaendelea kuvuta, na mambo yanaanza upya.

Usieleze haraka. Waache wafanye mara kadhaa, kisha waulize kila sehemu inawakilisha nini. Uzi ni mwendo wa bamba, usiokoma. Msasa ni msuguano unaoshikilia pande mbili za ufa. Mpira ni miamba yenyewe, inayopindika na kuhifadhi nguvu kwa miaka mingi. Kuruka ndilo tetemeko. Maelezo haya yaliandikwa mwaka 1910 na mwanajiofizikia Mmarekani Harry Fielding Reid, baada ya tetemeko la San Francisco la 18 Aprili 1906. Fensi na barabara zilizokuwa zimenyooka zilikutwa zimekatika na kuhama pale ufa wa San Andreas ulipopita, mahali pengine kwa karibu mita 6. Watoto wakisikia habari ya fensi hizo baada ya kuona kipande kikiruka, wanaielewa papo hapo.

Sasa fanya jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa somo zima. Kila kikundi kiandike urefu wa kila mruko, mmoja baada ya mwingine, hadi wafike ishirini. Halafu waambie watabiri mruko wa ishirini na moja: utatokea mpira ukiwa na urefu gani, na kipande kitakwenda umbali gani? Watakosea. Wao wenyewe ndio wanaovuta, msasa ni uleule, mpira ni uleule, na bado mruko mmoja unakuwa mdogo, unaofuata mkubwa, mwingine unachelewa. Ikiwa ufa wa mezani unawashinda, ufa wa urefu wa mamia ya kilometa chini ya ardhi utakuwaje? Shirika la Utafiti wa Jiolojia la Marekani, USGS, linasema waziwazi kwamba hakuna mwanasayansi aliyewahi kutabiri tetemeko kubwa. Kinachowezekana ni kusema eneo fulani lina uwezekano wa kiasi gani wa kupata tetemeko katika miaka kadhaa ijayo. Saa na siku hazijulikani.

Hapa mtoto anapata jambo lake la kwanza la kubeba: akiona ujumbe kwenye simu unaosema tetemeko litapiga usiku wa leo saa nane, ajue ni uongo, asiusambaze. Na kwa kuwa tarehe haipo, maandalizi hayasubiri tarehe.

Baada ya mbao, ndipo ulete ramani. Mabamba husogea sentimita chache kwa mwaka, kasi inayokaribia ile ya kucha kuota. Aina za nyufa waonyeshe kwa viganja vyako viwili. Vivute mbali, upande mmoja ushuke: huo ni ufa wa kutanuka, ndio uliojenga Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, na ndio uliotoa tetemeko la Rukwa la 13 Desemba 1910 lililokuwa na ukubwa wa takriban 7.4. Visukume pamoja, kimoja kikipanda juu ya kingine: huo ni ufa wa kusukumana, wa Himalaya, Japani na Chile, na ndio unaotoa matetemeko makubwa kupita yote, likiwemo la Chile la 22 Mei 1960 lenye ukubwa wa 9.5, kubwa kuliko lolote lililowahi kupimwa. Visugue kwa ubavu: huo ni ufa wa mlalo, kama San Andreas, au ule wa Anatolia Mashariki uliopasuka Uturuki tarehe 6 Februari 2023.

Viganja vikiwa bado vimegusana, rudi kwenye lile jibu la ardhi kumeza watu. Pande mbili za ufa husuguana zikiwa zimebanana. Kama zingekuwa zimeachana, kusingekuwa na msuguano, na nguvu isingehifadhiwa. Nyufa ndogo hutokea juu ya ardhi na maporomoko hutokea milimani, lakini ardhi haifunguki kama mdomo. Kinachoua ni majengo na vitu vinavyoanguka, pamoja na maporomoko, moto na tsunami.

Onyo moja kuhusu ramani. Kitovu huchorwa kama nukta, na watoto huamini kuwa tetemeko lilitokea pale kwenye nukta. Nukta ni mahali tu kupasuka kulikoanzia. Tarehe 26 Desemba 2004, ufa uliopo karibu na Sumatra ulianza kupasuka sehemu moja, ukaendelea kuelekea kaskazini kwa zaidi ya kilometa 1,000, na ukachukua dakika kama kumi. Wachoree mstari badala ya nukta.

Hatua ya 3: Mawimbi, kwa mstari wa wanafunzi

Panga wanafunzi kumi na watano mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja ameweka mikono kwenye mabega ya aliye mbele. Msukume wa mwisho kidogo, kwa upole. Msukumo unafika mbele mara moja. Hilo ni wimbi la P, linalosukuma na kuvuta kuelekea kule linakokwenda. Halafu wa mwisho ayumbe kushoto na kulia, na kila mmoja ayumbe anapohisi aliye nyuma yake ameyumba. Linachelewa, na linasumbua zaidi. Hilo ni wimbi la S.

Katika miamba ya juu ya dunia, wimbi la P hukimbia takriban kilometa 6 kwa sekunde, na la S takriban 3.5. Waache wenyewe wapige hesabu: mtu aliye kilometa 80 kutoka kitovu anapata sekunde ngapi kati ya mawimbi hayo mawili? Ni karibu 10. Kwa makadirio ya haraka, kila sekunde ya pengo ni kilometa 8. Aliye kilometa 16 anapata sekunde 2.

Sasa unganisha na mwili. Ule mshtuko wa kwanza, mdogo, unaofanana na lori zito lililopita nje, ndiyo kengele pekee ambayo mtoto atasikia. Mtetemeko mkali unafuata. Kwa hiyo anashuka chini kwenye mshtuko wa kwanza. Hasubiri kuhakikisha, hamtazami rafiki yake kuona atafanya nini, hasubiri mwalimu aseme. Sekunde 2 haziwezi kumfikisha mlangoni pamoja na wenzake arobaini, lakini zinatosha kumfikisha chini ya dawati. Hapa ndipo jibu lile lenye duara linapoanza kulegea, na linalegea kwa hesabu waliyoifanya wenyewe.

Wakubwa watauliza kuhusu nchi zenye mifumo ya tahadhari. Mexico ilianza miaka ya 1990, na Japani ilifungulia umma mfumo wake mwaka 2007. Mifumo hiyo haitabiri. Tetemeko linakuwa limeshaanza. Vipimo vilivyo karibu na kitovu vinalinasa wimbi la P, na taarifa inakimbia kwa njia ya mawasiliano haraka kuliko mawimbi yenyewe. Wanaopata ni sekunde chache hadi makumi ya sekunde, na wanazitumia kwa jambo lilelile: kushuka chini.

Hatua ya 4: Ukubwa, kwa nukta

Namba za ukubwa huwachanganya hata watangazaji wa redio. Chora nukta moja ubaoni, useme hii ni nguvu ya tetemeko la ukubwa wa 5. Kila mwanafunzi achore nukta 32 kwenye karatasi yake. Karatasi moja ni tetemeko la 6. Kusanya karatasi 32, uzibandike ukutani zote pamoja. Huo ukuta wenye nukta 1,024 ni tetemeko la 7. Kila hatua moja ya ukubwa ni takriban mara 32 ya nguvu, na mchoro unaochorwa na mashine ya kupimia mtikisiko unakua mara 10. Ukitaka tetemeko la 8, mwambie mwanafunzi wa hesabu ahesabu kuta ngapi zinahitajika.

Kisha watenganishe mambo mawili: ukubwa na ukali. Ukubwa ni namba moja kwa tetemeko zima. Ukali ni kile kilichohisiwa mahali fulani, na hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa. Kipimo cha Mercalli huupanga kuanzia I hadi XII. Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9 tu, si kubwa kwa viwango vya dunia, na bado liliua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Matetemeko ya ukubwa unaokaribia huo hutokea duniani kila mwaka kwa wingi bila hata kuandikwa magazetini. Tofauti iko kwenye kina chake, umbali wake na makazi ya watu, aina ya udongo, na jinsi nyumba zilivyojengwa. Hiyo ndiyo hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Udongo na jengo

Jaza trei mchanga, mwagia maji hadi yakaribie juu, usimamishe jiwe la bapa kama jengo. Gongagonga ubavu wa trei. Maji yanapanda, mchanga unalainika, jiwe linainama na kuzama. Mwaka 1964 huko Niigata, Japani, majengo ya ghorofa yalilala ubavu namna hiyohiyo, mengine bila kuvunjika sana, kwa sababu mchanga uliokuwa chini yake uligeuka uji.

Udongo laini pia hukuza mtikisiko. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko lenye ukubwa wa 8.0 lilitokea pwani ya Pasifiki ya Mexico, lakini uharibifu mkubwa ukaikuta Mexico City, mamia ya kilometa kutoka hapo, kwa kuwa sehemu ya jiji imejengwa juu ya matope ya ziwa la kale. Majengo ya urefu wa kati ndiyo yaliyoumia zaidi, maana mwendo wao wa kuyumba ulilingana na ule wa ardhi.

Watoto hawawezi kujenga upya shule yao, na si haki kuwatwisha mzigo huo. Lakini ni sawa wajue kwamba watu wazima wanaweza. Jioni ya 10 Machi 1933 tetemeko liliharibu shule nyingi za Long Beach, California. Wanafunzi walikuwa wameshakwenda nyumbani. Mwezi mmoja baadaye jimbo lilipitisha sheria ya viwango vya ujenzi wa shule za umma, ambayo inafanya kazi hadi leo. Kashmir hawakupata bahati ya saa: tetemeko la 8 Oktoba 2005 lilipiga asubuhi, watoto wakiwa madarasani, na maelfu yao wakafa chini ya majengo ya shule. Habari hii waambie wanafunzi wa sekondari. Kwa wadogo, iache. Kwa mkuu wa shule na kamati yake, ipeleke hivyo ilivyo, bila kuilainisha, siku wanapopanga bajeti ya majengo.

Kinachowezekana kwa mikono ya watoto ni kukagua chumba chao. Wagawe kwa jozi, kila jozi ichore ramani ya darasa na kuweka alama kwenye kila kitu kinachoweza kuanguka, kuvunjika au kuziba njia. Kwa kabati, wapime urefu wake, kisha wapime urefu huohuo sakafuni kutoka lilipo. Dawati lolote lililo ndani ya mstari huo litapigwa. Utashangaa ni mara ngapi dawati hilo ni la mwalimu, au liko mkabala na mlango pekee. Kabati lifungwe ukutani, vizito vishushwe rafu za chini, madawati yasogezwe mbali na vioo, picha nzito ya juu ya kichwa iondolewe. Kazi hii ni ya kipindi kimoja, na ikifika jioni chumba tayari kina usalama zaidi kuliko asubuhi.

Hatua ya 6: Zoezi lenyewe

Maneno ni matatu: shuka, jifunike, shikilia. Usiyafundishe kama wimbo. Kila neno lina sababu yake, na mtoto aliyeelewa sababu ataweza kubadilika mahali ambapo hakuna dawati.

Shuka: piga magoti na mikono chini, kabla mtikisiko haujakuangusha wenyewe. Ukiwa hivyo bado unaweza kutambaa.

Jifunike: kichwa na shingo viingie chini ya dawati imara. Kama hakuna, tambaa hadi ukuta wa ndani, mbali na madirisha na makabati, ufunike kichwa na shingo kwa mikono.

Shikilia: mkono mmoja ushike mguu wa dawati. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanashika kwa nguvu wakidhani dawati litatulia, kumbe dawati litatembea, na wao watembee nalo. Wafanyie majaribio: mmoja chini, wengine wawili walisukume dawati polepole huku na huko, na aliye chini alifuate bila kuliachia. Zoezi hilo la nusu dakika linafundisha kuliko hotuba.

Kisha mzunguko kamili. Piga kelele, "Tetemeko!" na wote washuke, wewe ukiwa wa kwanza. Mwalimu anayebaki wima akikagua anawafundisha kwamba watu wazima hawashuki. Hesabu kwa sauti hadi 60. Matetemeko mengi hutikisa kwa nguvu kwa muda mfupi kuliko huo, lakini makubwa hupita dakika, na mtoto anatakiwa kujua ilivyo kukaa pale muda mrefu bila kuchungulia.

Ushauri wa kusimama kwenye fremu ya mlango ufute kabisa. Katika majengo ya leo mlango hauna uimara wowote wa ziada, haukukingi na vinavyoruka, na bawa lake linaweza kukupiga. Kukimbia nje wakati wa mtikisiko nako ni hatari, maana kuta za nje, vioo na vigae huangukia palepale karibu na mlango. Lipo jambo moja la kusema kwa ukweli: katika chumba cha chini kilichojengwa kwa udongo au matofali dhaifu yasiyo na nondo, na mlango uko hatua chache kutoka kwa mtu ukielekea uwanja wazi, kutoka haraka kunaweza kuwa salama zaidi kuliko kubaki. Uamuzi huo usiachiwe mtoto siku ya tukio. Mwalimu na fundi wakague kila jengo mapema, na kila darasa liambiwe utaratibu wake mmoja.

Baada ya darasa kulizoea zoezi, hamisha mahali. Ukumbini kwenye viti: inama, funika kichwa, baki hapo. Uwanjani: sogea mbali na majengo na nyaya za umeme, shuka. Maabara: zima moto kama mkono unafika, ondoka karibu na kemikali, shuka. Kwenye basi: dereva asimame pembeni, si juu ya daraja wala chini yake, na abiria wabaki ndani. Kitandani bwenini: lala kifudifudi, mto juu ya kichwa na shingo.

Mwanafunzi wa kiti cha magurudumu hufunga breki, huinama mbele na kufunika kichwa na shingo. Asiyesikia anahitaji ishara ya kuona au mwenzake wa kumgusa. Asiyeona anahitaji kuijua njia kwa miguu yake mwenyewe kabla ya siku hiyo. Panga nao, uwaulize wanachoona kinawafaa. Mara nyingi wana majibu mazuri kuliko yetu.

Hatua ya 7: Mtikisiko ukikoma

Ngojea utulivu kamili, tazama juu na mbele, kisha ongoza darasa nje kwa mwendo wa kutembea, mikono ikiwa imefunika kichwa. Lifti haitumiki. Mahali pa kukusanyika pawe wazi, mbali na jengo kwa umbali unaozidi urefu wake. Daftari la mahudhurio likae karibu na mlango siku zote ili aliye wa kwanza kufika alichukue. Kila mwalimu awe na pacha wa darasa la jirani: akiumia mmoja, mwenzake anatoa madarasa yote mawili. Lifanyieni mazoezi hilo pia, mwalimu mmoja "akiumia" na kukaa kimya.

Hakuna anayerudi kuchukua begi. Nepal ilipigwa na tetemeko la 7.8 tarehe 25 Aprili 2015, na tarehe 12 Mei likaja jingine la 7.3 lililoua watu wengine. Matetemeko ya baadaye ni sehemu ya jambo lilelile, na kila moja likija, wanashuka tena.

Kwa shule za pwani kuna sheria isiyojadiliwa: mtikisiko ukidumu sekunde 20 au zaidi, au ukiwa mkali hadi kusimama kunashindikana, au bahari ikirudi nyuma ghafla, panda mahali pa juu mara moja, kwa miguu, bila kusubiri king'ora. Tarehe 26 Desemba 2004 kwenye ufuo wa Phuket, Thailand, msichana Mwingereza wa miaka 10 aliona maji yakitoa povu na kujivuta isivyo kawaida, akakumbuka somo la jiografia alilopata wiki mbili kabla, akawaambia wazazi wake, na ufuo ukahamwa kabla ya wimbi. Na huko Kamaishi, Japani, tarehe 11 Machi 2011, wanafunzi wa sekondari ya chini waliokuwa wamezoezwa kwa miaka walikimbilia kilimani, wakawavuta wadogo wa shule ya jirani, na walipofika mahali palipopangwa wakaona hapatoshi, wakapanda zaidi. Karibu wanafunzi wote 3,000 wa mji huo waliokoka. Hadithi hii simulia taratibu. Inaonyesha kwamba hata ramani ya hatari si neno la mwisho. Mtoto anaruhusiwa kupanda juu zaidi ya alipoambiwa.

Kuhusu hofu

Kutakuwa na watoto watakaokosa usingizi. Usiwaonyeshe picha za maiti wala video za watu wakipiga mayowe, hazifundishi kitu. Usiwaahidi pia kwamba halitatokea. Hofu hupungua mtoto anapojua la kufanya, ndiyo maana kila kipindi cha mwongozo huu kiishie na kitendo na siyo na idadi ya waliokufa. Kama darasa limeshapitia tetemeko la kweli, anza na kuwaacha wasimulie, kwa maneno au kwa kuchora, na kipande cha mbao kisubiri siku nyingine.

Hatua ya 8: Peleka nyumbani, kisha rudia

Kila mwanafunzi aende na kazi moja: akague chumba anacholala, akionyeshe kitanda kilichoko chini ya rafu au kioo, na akae na familia yake kuamua mambo matatu. Watakutana wapi kama nyumba haiingiliki? Nani atamchukua mtoto shuleni, na nani wa pili, iwapo wa kwanza atashindwa? Ni ndugu gani wa mbali atakayepokea ujumbe wa kila mmoja? Ujumbe mfupi hupita mara nyingi pale simu zinapogoma. Nyumbani kuwe na maji, tochi, redio, dawa na viatu imara karibu na kitanda, kwa sababu vioo vilivyovunjika hukata miguu ya watu wengi wanaokurupuka gizani. Majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto yarudi shuleni kwa maandishi, yawekwe pamoja na daftari la mahudhurio.

Zoezi lirudiwe kila muhula. Shule nyingi duniani hufanya lao Alhamisi ya tatu ya Oktoba, siku ya kimataifa ya mazoezi ya tetemeko, na kujiunga nao huwapa watoto hamasa. Zoezi la muhula unaofuata liwe saa tofauti na la kwanza: wakati wa mapumziko, wengine wakiwa ngazini, wengine chooni. Watangazie wiki, usiwatangazie saa. Baadaye kaa na walimu wenzako kwa dakika kumi, andikeni kilichokwama, mmoja apewe jukumu la kukirekebisha, na tarehe ya kukikagua iandikwe palepale.